Shule ya Kidbrooke na majina yake matatu: jibu kwa mama wa Eltham

Swali limetoka kwa mama wa Tanga anayeishi Eltham, kusini-mashariki mwa London: "Binti yangu anaingia mwaka wa sita Septemba, na mwaka unaofuata ataanza sekondari. Jirani yangu, bibi wa Kiingereza, anasema shule iliyo karibu nasi pale Kidbrooke ndiyo aliyosoma yeye, na kwamba ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Leo ina jina jingine kabisa, na nasikia hilo ni la tatu. Wenzangu wananishauri nimpeleke mtoto kwenye mtihani wa shule za grama, zile zinazochagua watoto kwa mtihani, za halmashauri jirani ya Bexley. Mume wangu anasema sekondari ni sekondari. Hizi shule za viungani zina asili gani, na jina la shule linaniambia nini?"

Dada yangu, bibi jirani yako ana haki ya kujivuna, ila ametia chumvi kidogo. Kidbrooke School ilifunguliwa Septemba 1954 ikiwa shule ya wasichana, na ni kweli ilikuwa ya kwanza London kujengwa tangu msingi ili ipokee watoto wa kila uwezo bila kuwachuja kwa mtihani. Wapo waliotangulia. Kisiwa cha Anglesey huko Wales kilikuwa na shule kama hiyo mjini Holyhead tangu 1949, na London yenyewe ilikuwa imejaribu mpango huo ndani ya majengo ya zamani, kama pale Walworth mwaka 1946. Waingereza huiita komprehensivu. Mimi nitaiita shule ya wote, maana ndicho inachojaribu kuwa.

Kwa nini jambo jepesi namna hiyo, kupokea watoto wote wa mtaa, lilikuwa habari ya magazetini? Hapo ndipo mumeo anapokosea. Kwa Waingereza sekondari haijawahi kuwa sekondari tu.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili mtoto wa mfanyakazi wa Eltham alimaliza masomo akiwa na miaka 14 katika shule ileile aliyoanzia utotoni, kisha akaingia kazini. Baba yake huenda alifanya kazi kwenye kiwanda cha silaha cha serikali cha Woolwich, maana mitaa mizima ya Eltham ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi hao. Ile mitaa ya vijumba vya mapaa ya mteremko uliyoizoea karibu na Well Hall, inayoitwa Progress Estate, ilijengwa mwaka 1915 katikati ya vita. Sekondari ilikuwa kitu kingine kabisa. Ililipiwa karo, na watoto wake walivaa kofia na kusoma Kilatini. Sheria ya 1902 ilizipa halmashauri uwezo wa kujenga sekondari zao, na kuanzia 1907 shule zilizopokea ruzuku ya serikali zilitakiwa kutoa robo ya nafasi bila karo kwa watoto waliotoka shule za msingi za umma. Hivyo ndivyo sekondari ya viungani ilivyozaliwa: shule ya kutwa, ya karani anayepanda treni asubuhi kwenda London Bridge na anayetamani mwanawe apande zaidi yake.

Shule hizo zilikuwa changa, na kwa kuwa hazikuwa na mila zake zilikopa mila za shule za bweni za matajiri. Zilichukua viranja, wimbo wa shule, kaulimbiu ya Kilatini, na mtindo wa kuwagawa wanafunzi katika "nyumba" hata pale ambapo hakuna anayelala shuleni. Mzigo huohuo ulipakiwa melini kuja kwetu. Tabora ilipofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu ilifuata mfano wa shule hizohizo za bweni, na Alliance ya Kikuyu ikafuata mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo binti yako akirudi nyumbani siku ya kwanza na beji ya rangi ya nyumba yake, usidhani ni jambo la ajabu la Kizungu. Babu zetu walivaa beji hizo.

Mwaka 1944 ndio uliogeuza mambo. Sheria ya elimu iliyosimamiwa na waziri R. A. Butler ilifanya sekondari iwe haki ya kila mtoto, bila karo, na kuanzia 1947 umri wa kuacha shule ukapandishwa hadi miaka 15. Sheria yenyewe haikusema watoto watenganishwe. Ni wizara na halmashauri zilizoamua kwamba kuna aina tatu za watoto na hivyo aina tatu za shule: grama kwa wenye vichwa vya vitabu, ufundi kwa wenye mikono, na "za kisasa" kwa waliobaki. Za ufundi zilibaki chache mno, kwa hiyo kwa familia nyingi aina zilikuwa mbili. Mtoto alifanya mtihani akiwa na miaka 10 au 11. Aliyefaulu, kiasi cha mmoja katika kila wanne au watano kutegemea alikoishi, alipanda basi la kwenda grama. Waliobaki walikwenda kwenye ile ya kisasa, ambako wengi waliondoka na miaka 15 bila cheti chochote. Mtihani wa O-level ulioanza mwaka 1951 ulitungwa kwa kuwalenga watoto wa grama, na cheti cha kuwafaa waliobaki hakikuanza kutolewa hadi 1965. Wewe umemaliza darasa la saba Tanga, kwa hiyo sina haja ya kukueleza jinsi mtihani mmoja unavyoweza kuigawa familia moja siku ya kutangazwa majina.

Halmashauri ya London, iliyoshikwa na chama cha Labour, haikuutaka mgawanyo huo. Katika mpango wake wa shule wa 1947 iliamua kujenga shule za wote mji mzima, na ziwe kubwa. Ukubwa huo ulitokana na hesabu. Ikiwa katika kila wasichana 100 ni 20 hivi tu ambao wangeendelea na masomo ya juu hadi miaka 18, basi shule ya wote ingehitaji kuwa kubwa mara nne au tano kuliko grama ili madarasa yake ya juu yapate wanafunzi wa kutosha wa fizikia, Kifaransa na Kilatini. Ndiyo maana Kidbrooke ilijengwa kwa ajili ya wasichana wapatao 2,000, wakati grama ya kawaida ilikuwa na mia nne au mia tano. Kwa watu wa wakati ule namba hiyo ilitisha. Walisema mtoto atapotea kama sindano sokoni.

Sasa nikuletee kisa ambacho kwangu ndicho kiini cha jibu lote. Mpango ulikuwa kwamba shule hiyo mpya ikifunguliwa itameza shule kadhaa za wasichana za eneo hilo, ikiwamo grama ya wasichana ya Eltham Hill. Bila Eltham Hill ndani, jina "shule ya wote" lingekuwa na kasoro, kwa sababu wasichana waliofaulu mtihani wangeendelea kupelekwa huko. Wazazi wa Eltham Hill hawakukubali. Walipinga, na sheria iliitaka halmashauri ipate idhini ya waziri kabla ya kufunga shule yoyote. Waziri wa elimu alikuwa Florence Horsbrugh wa chama cha Conservative, mwanamke wa kwanza wa chama hicho kuingia katika baraza la mawaziri. Miezi michache kabla ya Kidbrooke kufunguliwa, akakataa. Eltham Hill ikabaki grama.

Tafakari hali ilivyokuwa Septemba ile. Jengo jipya, vioo kila upande, ukumbi mkubwa, maabara na jiko la mafunzo, mwalimu mkuu hodari, Mary Green, aliyekuwa na kazi ya kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Na umbali wa safari fupi ya basi, shule nyingine ya wasichana ya halmashauri ileile inaendelea kuchukua wale waliong'ara kwenye mtihani. Kidbrooke ilipewa jina la kupokea wote, kisha ikanyimwa baadhi. Baada ya hapo watu wakaanza kulinganisha matokeo ya shule hizo mbili na kutoa hukumu, kana kwamba zilianzia mstari mmoja.

Kwa miaka mingi nimefundisha historia katika sekondari za London ya kusini, na kama kuna jambo moja nililojifunza kuhusu shule za viungani ni hili: tabia ya shule huamuliwa zaidi na majirani zake kuliko na kuta zake. Ukitaka kuielewa shule, usianze kwa kuuliza "matokeo yao yakoje?" Uliza watoto wa mtaa huu wasiokuja hapa wanakwenda wapi, na nani aliwawekea njia hiyo. Nyumbani tunalijua hili kwa mlango mwingine. Shule ya kata hulaumiwa kwa matokeo, na hakuna anayetaja kwamba Kibaha, Ilboru na Kilakala zimekwisha kupita na kuchota walioongoza.

Ndani ya Kidbrooke ukubwa ulishughulikiwa kama shule kubwa za kizazi kile zilivyofanya: watoto waligawanywa katika nyumba ili kila mmoja awe na watu wanaomjua kwa jina. Na watu husahau kwamba shule za wote za mwanzo hazikuchanganya watoto darasani kama walivyodhani maadui zao. Nyingi ziliwapanga kwa mikondo kulingana na uwezo tangu mwaka wa kwanza. Geti lilikuwa moja, njia za ndani zilikuwa nyingi. Hadi leo utakuta binti yako anawekwa katika kundi la hisabati kwa kiwango chake na kundi jingine la Kiingereza, na anaweza kupandishwa au kushushwa katikati ya mwaka. Fuatilia hilo mapema, kwa sababu kundi la chini la hisabati hufanya karatasi ambayo alama yake ya juu kabisa ina kikomo.

Mwaka 1965 waziri Anthony Crosland wa Labour alituma waraka, maarufu kwa namba yake 10/65, akizitaka halmashauri zote ziandae mipango ya kuondoa mgawanyo. Margaret Thatcher alipoingia wizara ya elimu mwaka 1970 aliufuta waraka huo. Mzaha wa historia ni kwamba gari lilikuwa limeshashika mteremko, na katika miaka yake minne wizarani aliidhinisha shule nyingi zaidi kugeuzwa kuwa za wote kuliko waziri mwingine yeyote. London ya ndani, ambayo Greenwich na Eltham yako zimo, ilimaliza kazi hiyo mwaka 1977. Eltham Hill nayo ikawa shule ya wote, zaidi ya miaka 20 baada ya kupona.

Lakini tazama majirani. Colfe's, grama ya wavulana iliyo upande wa Lee, iliamua mwaka huohuo wa 1977 kuwa shule binafsi ya kulipia kuliko kupokea wote. St Olave's ilikuwa imekwisha kuhama mapema, 1968, kutoka karibu na London Bridge hadi Orpington, na huko inaendelea kuchuja hadi leo. Na mashariki yako, hatua chache tu, kuna Bexley. Zamani ilikuwa sehemu ya Kent. Mipaka mipya ya London ilipochorwa mwaka 1965 ikaingizwa jijini, lakini elimu yake ikabaki mikononi mwa halmashauri yake yenyewe, nayo haikuziacha grama zake. Zipo nne hadi sasa, kati ya grama 163 zilizobaki England nzima. Kwa hiyo unakoishi mstari kwenye ramani unabadilisha mfumo wa elimu. Upande mmoja wa barabara mtoto hana mtihani wowote, upande wa pili darasa lake zima linajadili mtihani.

Je, mtoto wa Greenwich anaruhusiwa kuomba Bexley? Ndiyo, na hapa mtaa wako umeingia kwenye vitabu vya sheria. Halmashauri ya Greenwich ilipojaribu kuwapa kipaumbele wakazi wake, kesi ilikwenda mahakamani, na mwaka 1989 ikaamuliwa kwamba halmashauri haiwezi kumrudisha nyuma mtoto kwa sababu tu anaishi nje ya mpaka. Wanasheria wa elimu nchini kote wanaiita hukumu ya Greenwich. Kwa hiyo wenzako hawakukosea. Njia ipo wazi kisheria, na kila vuli watoto wengi wa Eltham huipita. Ni mchujo uleule wa 1954, ila sasa unafanywa na wazazi wenyewe, kwa masomo ya jioni na vitabu vya mazoezi.

Kuna kipindi ambacho London ya ndani ilijaribu kurekebisha mizani. Mamlaka ya elimu iliyoishika kuanzia 1965 hadi 1990 iliwapanga watoto wa msingi katika mafungu matatu ya uwezo, robo ya juu, nusu ya kati na robo ya chini, na kila shule ikatakiwa ipate sehemu yake ya kila fungu. Ilisaidia kiasi, ila haikuweza kuwafikia watoto waliokwisha vuka mpaka au waliolipiwa karo. Mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 1990 na shule zikarudi kwa halmashauri za mitaa. Miaka hiyo pia ndiyo iliyoleta mtaala wa taifa wa 1988, ukaguzi wa Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule, na majedwali ya matokeo magazetini mwaka 1992. Tangu hapo kila shule ya viungani imekuwa ikiishi kama duka lenye bei ukutani.

Kidbrooke, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha anza kupokea wavulana, ilikuwa inahudumia mtaa mgumu. Jirani yake ilikuwapo Ferrier Estate, majengo makubwa ya zege yaliyojengwa kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, yaliyokuja kuwa mfano wa kila lawama iliyotupwa kwa nyumba za halmashauri. Yamebomolewa. Pale unapoona ghorofa zinazong'aa na vibwawa vya bata ndipo yaliposimama. Usisahau pia kwamba ni Eltham, kwenye Well Hall Road, ambako Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa na vijana wabaguzi usiku wa tarehe 22 Aprili 1993 akisubiri basi. Ripoti ya Macpherson ya 1999 iliyochunguza jinsi polisi walivyolishughulikia jambo hilo ilikuwa na mapendekezo kwa shule pia: mtaala uthamini tofauti za watu, na shule ziweke kumbukumbu za matukio ya ubaguzi. Nakuambia hili kwa sababu una haki ya kuiuliza shule yoyote, uso kwa uso, kumbukumbu zake zinasemaje. Mwalimu mkuu mzuri hatakwazika.

Kisha mwaka 2005 Kidbrooke ikajulikana nchi nzima kwa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: chakula. Mpishi wa televisheni Jamie Oliver aliingia jikoni kwao na kamera, akakuta mlo wa mtoto ukiandaliwa kwa viambato vya senti 37 za Kiingereza. Watazamaji walimpenda zaidi Nora Sands, mpishi mkuu wa shule, aliyembishia bila woga. Zaidi ya watu 270,000 walitia saini ombi la kutaka mlo bora, na serikali ikaahidi pauni milioni 280. Si kila mzazi alishangilia. Mwaka uliofuata akina mama wa Rawmarsh, huko Yorkshire, walionekana wakiwapitishia watoto chipsi na baga juu ya uzio wa shule. Lakini chakula unachokiona leo kwenye kantini za sekondari, zile kanuni za mboga na marufuku ya soda, kwa sehemu kimetoka katika jiko lile la Kidbrooke. Nilikuwa nikifundisha wakati ule, na nakumbuka wiki ambayo kachori zetu za kukaanga zilitoweka bila tangazo.

Sasa majina. Mwaka 2011 Kidbrooke ikawa Corelli College, jina la barabara ilipo shule, na kwa kufanya hivyo ikawa akademi. Akademi ni shule ya umma isiyolipiwa, ila inapokea fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu na kuendeshwa na bodi yake, nje ya halmashauri. Mwaka 2018 ikachukuliwa na mtandao wa shule wenye asili ya Dartford, Kent, ikaitwa The Halley Academy. Edmond Halley ni yule mwanaastronomia wa nyota yenye mkia, aliyefanya kazi katika kituo cha kutazama nyota cha Greenwich na kuzikwa hapo Lee. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni hili: jina linakuambia nani anaendesha shule leo. Halikuambii kitu kuhusu anayefundisha. Kote Uingereza shule yenye jina jipya na nembo mpya mara nyingi ni shule iliyokabidhiwa kwa mwendeshaji mwingine, wakati mwingine baada ya miaka ya shida, wakati mwingine kwa hiari yake. Walimu wengine hubaki, wengine huondoka, sare hubadilika, na wazazi ndio wanaonunua koti jipya.

Nije kwenye maisha ya kila siku, kwa sababu nadhani hapo ndipo utakaposhangaa zaidi. Binti yako ataanza mwaka wa saba akiwa na miaka 11 na kufanya GCSE, mitihani ya taifa, mwishoni mwa mwaka wa kumi na moja, alama zikitolewa kwa namba kutoka 9 kushuka hadi 1. Hatawekewa nafasi darasani. Mzazi wa kwetu huuliza "umekuwa wa ngapi?" na mtoto hana jibu, si kwamba anaficha. Hakuna kukariri darasa. Walimu hawaji darasani kwake, yeye ndiye anayehama chumba hadi chumba kengele ikilia, na wiki za kwanza atapotea njia, hilo ni la kawaida. Mtu wako wa kumshika ni mwalimu wa darasa anayemwona kila asubuhi, kisha mkuu wa mwaka. Usisubiri jioni ya wazazi ili uzungumze nao. Andika barua pepe.

Viboko havipo. Shule za London ya ndani ziliviacha mwaka 1981, na shule zote za umma nchini 1987. Nidhamu sasa ni kubakizwa baada ya masomo, kutengwa kwa siku, na mwisho kabisa kufukuzwa. Wazazi wetu wengine huona huo ni ulegevu. Mimi nimefanya kazi katika mifumo yote miwili, na nakuhakikishia kwamba kubakizwa dakika 40 siku ya Ijumaa kunamuuma kijana wa Kiingereza kuliko fimbo mbili. Kuhusu dini, sheria ya zamani bado inazitaka shule ziwe na ibada ya pamoja yenye mwelekeo wa Kikristo, ila sekondari nyingi huifanya kijuujuu tu, na una haki ya kumtoa mtoto bila kutoa sababu. Mtandio kwa kawaida hukubaliwa ukiwa wa rangi ya sare. Uliza kabla ya kununua.

Kuhusu uamuzi wenyewe, kuna mambo matatu ya kiutaratibu ambayo watu huyakosea kila mwaka. Mtihani wa Bexley hufanywa Septemba, mwanzoni kabisa mwa mwaka wa sita, na kujiandikisha hufungwa kabla ya likizo ya kiangazi. Ukingoja shule zifunguliwe umechelewa. Fomu ya kuomba sekondari hujazwa kupitia halmashauri unakoishi, yaani Greenwich, hata kwa shule za Bexley, mwisho wake tarehe 31 Oktoba, na majibu hutoka tarehe 1 Machi. London unaruhusiwa kuandika shule sita. Na shule hazioni umeziweka nafasi ya ngapi, kwa hiyo uvumi kwamba usipoiweka ya kwanza watakukataa hauna msingi. Panga kwa mapenzi yako ya kweli, kisha hakikisha angalau moja iko karibu kiasi kwamba umbali wenyewe utakupa nafasi.

Je, mtihani ufanywe? Kama binti yako anapenda mafumbo na hapotezi usingizi, mwache ajaribu, na mwambie mapema kwamba shule nyingine nzuri zipo. Kama kujiandaa kutamgharimu mwaka mzima wa machozi, sioni faida. Mtoto mwenye nyumba inayomfuatilia hufanya vizuri katika shule za wote, nimewaona wengi mno kulitilia hilo shaka. Ninachokuomba usifanye ni kuifuta shule ya karibu kwa sababu ya sifa iliyotungwa na watu ambao hawajaingia ndani yake tangu ilipokuwa na jina la kwanza au la pili.

Nenda siku ya wazi, halafu uombe kurudi siku ya kawaida ya kazi. Tofauti kati ya siku hizo mbili ndiyo ripoti yako ya ukaguzi. Shule moja niliyofundisha, jina lake naliweka mfukoni, ilifunga vyoo vya wanafunzi kwa kufuli muda wote wa masomo, ila jioni ya wageni vilinukia ndimu. Mwulize mwanafunzi anayekutembeza kama vyoo huwa wazi. Mwulize mwalimu wa hisabati amekaa pale miaka mingapi. Simama getini saa tisa alasiri uone walimu wangapi wako nje na kama wanawaita watoto kwa majina.

Na huyo bibi jirani, mkaribishe chai. Kama aliingia mwaka 1954 akiwa na miaka 11, sasa amevuka 80, na wanaoweza kusimulia siku ile wanapungua. Mwulize alikuwa nyumba gani. Mwulize pia kama alikuwa na rafiki wa shule ya msingi aliyekwenda Eltham Hill, na kama waliendelea kuzungumza baada ya hapo.